Njia ya Kuingilia Huamuliwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Kyela ni nchi tambarare. Kutoka Mbugani kuelekea ufukwe wa Ziwa Nyasa msafiri hapandi kilima, na ndiyo sababu baiskeli imekuwa chombo cha kazi cha karibu kila nyumba: hubeba gunia la mchele, kakao, mikungu ya ndizi, mwanafunzi na hata mgonjwa. Kwa sababu hiyohiyo, Kyela ingestahili kuwa miongoni mwa wilaya rahisi zaidi za Mkoa wa Mbeya kwa mtu anayetumia kiti mwendo au baiskeli ya magurudumu matatu. Mwenzake wa Tukuyu hupambana na miteremko ambayo hakuna halmashauri iwezayo kuisawazisha. Wa Kyela hupambana zaidi na vitu vilivyojengwa na watu: vipandio vitatu mbele ya mlango wa ofisi, mtaro wa maji ya mvua usio na kivuko, mlango wa choo mwembamba kama wa banda la kuku, dirisha la dawa lililowekwa kwa kimo cha mtu aliyesimama.

Liko jambo moja la asili lisiloweza kupuuzwa, nalo ni maji. Masika ya Kyela ni marefu na mazito. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hujaa, na maji yanapokosa pa kwenda hutafuta nyumba za watu. Fundi aliyejifunza kazi yake huku huinua msingi wa jengo ili maji yasiingie ndani, na katika hilo hafai kulaumiwa. Lakini msingi ulioinuliwa sentimita 45 hudai vipandio vitatu, na vipandio vitatu vinatosha kumzuia mtu anayetambaa, anayetembelea magongo au anayesukumwa katika kiti. Msingi uliookoa dawa za zahanati na mafuriko unaweza kumwacha mgonjwa nje. Hakuna haja ya kuchagua kati ya mambo hayo mawili. Kinachotakiwa ni kwamba anayechora msingi mrefu achore pia njia ya kuufikia, na aichore kabla fedha hazijakwisha.

Sheria inavyoutazama ulemavu

Wengi hudhani kwamba ulemavu ni kile kinachoonekana mwilini: mguu uliopooza, jicho lisiloona. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inautazama kwa namna nyingine. Kwa tafsiri yake, ulemavu ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii sawasawa na watu wengine, kutokana na sababu za kimwili, za kiakili au za kijamii. Tafsiri hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa mara ya kwanza. Ikiwa ulemavu ni kupungukiwa nafasi, basi kipandio kilichomzuia mtu kuingia ofisi ya kata ni sehemu ya ulemavu wake, na kipandio, tofauti na mguu uliopooza, kinaweza kurekebishwa na fundi kwa siku chache.

Sheria hiyo haikuzuka peke yake. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Mwaka 2004 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Sheria ya 2010 ndiyo iliyoyageuza hayo kuwa wajibu. Miongoni mwa mengine, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia majengo na huduma za umma katika mazingira yasiyo na vikwazo; inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu; na inaunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi za chini hadi mkoa.

Hivyo basi, anayeomba njia ya mteremko katika zahanati haombi hisani. Katika mikutano mingi ombi la namna hiyo hupokewa kwa upole, watu wakaitikia kwa vichwa, likaandikwa mwishoni mwa muhtasari chini ya “mengineyo”, na huko likalala. Mahali pake si huko. Mahali pake ni katika orodha ya vitu vinavyopaswa kuwemo kwenye jengo, pamoja na mlango, dirisha na paa.

Hesabu ya njia ya mteremko

Kujenga njia ya mteremko, ambayo mafundi huiita rampu, kuna hesabu yake, na hesabu hiyo ikikosewa kazi yote hupotea. Kipimo kinachotumika mahali pengi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Msingi wenye kimo cha sentimita 15 huhitaji njia ya mita 1.8. Wenye sentimita 45, yaani vipandio vitatu vya kawaida, huhitaji mita 5.4. Na pale ambapo mafuriko yamelazimisha msingi wa sentimita 60, njia hufika mita 7.2.

Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Jengo limekwisha, fedha zimekwisha, mbele ya mlango imebaki nafasi ya mita mbili tu, kisha mtu anakumbuka kwamba mradi ulitakiwa kuwa na njia ya watu wenye ulemavu. Fundi anamwaga zege katika mita hizo mbili dhidi ya msingi wa sentimita 60. Matokeo yake ni ukuta ulioegemea, ambao mtu mwenye kiti mwendo hawezi kuupanda kwa nguvu za mikono yake, na akiteremka hukimbia nao bila breki. Katika taarifa ya mradi huandikwa kwamba njia ipo. Ni afadhali isingekuwepo, kwa kuwa inampa mkaguzi sababu ya kuweka alama ya vema.

Kama nafasi ya mbele ni fupi, njia inaweza kupita ubavuni mwa jengo au kukunjwa mara moja kwa kuwekewa jukwaa tambarare katikati, ambapo mtu hupumzika na kugeuka. Jukwaa hilo, sawa na lile la mbele ya mlango, liwe na nafasi ya sentimita 150 kwa 150, kwa kuwa huo ndio mduara ambao kiti mwendo huhitaji ili kigeuke bila kugonga. Upana wa njia usipungue sentimita 90, mita 1.2 ni bora zaidi. Pembeni kuwe na ukingo mdogo unaozuia gurudumu lisitumbukie, na reli ya kushikia yenye kimo cha kati ya sentimita 85 na 95, ambayo mzee wa magongo huihitaji kuliko hata mwenye kiti.

Kwa Kyela kuna neno la ziada kuhusu umaliziaji. Mazoea ya mafundi ni kulainisha sakafu kwa niru ili ing'ae. Katika njia ya mteremko, niru ni hatari. Kwa mvua za huku, zege laini huota utando wa kijani ndani ya msimu mmoja, na siku ya mvua hakuna anayepita pale asiteleze, mwenye ulemavu au asiye nao. Uso wa njia uachwe na makwaruzo, yaliyopigwa kwa ufagio mgumu kukatiza njia zege likiwa bado bichi. Haugharimu hata shilingi moja zaidi. Unamtaka msimamizi awepo saa ile zege linapomwagwa, basi.

Mlango nao una kipimo chake. Viti mwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayosukuma magurudumu huhitaji nafasi yake. Mlango wenye uwazi wa sentimita 80 hupitika kwa shida. Wa sentimita 90 hupitika bila kugwaruza vidole. Kizingiti kilichoinuliwa, ambacho watu wengi hukiruka bila kukiona, humsimamisha mwenye kiti na humwangusha asiyeona.

Makadirio yanayotumiwa na mashirika ya maendeleo, ikiwemo Benki ya Dunia, ni kwamba kuyaweka haya yote katika jengo jipya tangu kwenye ramani huongeza gharama kwa kiasi kidogo sana, kwa kawaida karibu asilimia 1. Kubomoa na kurekebisha baadaye hugharimu mara nyingi zaidi, na fedha za kurekebisha jengo ambalo kwa vitabu limekamilika ni ngumu kupatikana katika bajeti yoyote. Wala faida haimwendei mtu mmoja. Njia hiyohiyo humpitisha mgonjwa aliyelazwa juu ya machela, mama aliyekaribia kujifungua, mzee mwenye maumivu ya magoti, na mhudumu anayesukuma boksi za dawa.

Choo, kisima na darasa

Inawezekana kabisa shule ikawa na njia nzuri ya kuingilia darasani, na bado mtoto mwenye ulemavu akaiacha. Sababu mara nyingi ni choo. Mtoto anayetembea kwa mikono na magoti hawezi kuingia katika choo cha kuchuchumaa ambacho sakafu yake imelowa; atajizuia kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda, na atakayeshindwa kujizuia atachekwa. Msichana aliyevunja ungo hukosa shule kila mwezi. Mwongozo wa kitaifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na unataka pia kuwepo choo kinachofaa kwa wanafunzi wenye ulemavu. Chumba hicho huhitaji mlango mpana unaofunguka kwa nje, nafasi ya kugeuza kiti, mahali pa kukalia na mabomba ya kushikia ukutani. Kikitumiwa kuwa stoo ya majembe na mifagio, kama ilivyo kawaida ya vyumba visivyo na mtetezi, kitakuwa kimejengwa bure.

Umbali nao una umri wake. Mtoto wa darasa la kwanza hubebwa mgongoni na mama au dada. Afikapo darasa la nne amekuwa mzito, dada amehamia sekondari, na mama ana shamba la mpunga linalomsubiri. Wengi huacha shule wakati huo, wala si kwa kushindwa masomo. Baiskeli ya magurudumu matatu kwa mtoto wa namna hiyo ina thamani ya miaka mitatu au minne ya elimu. Afisa elimu kata na afisa ustawi wa jamii wanapaswa kulijua jina lake kabla hajafika darasa hilo.

Kuhusu maji, kisima au kioski chenye jukwaa la zege lililoinuliwa huhitaji upande mmoja wa mteremko, na bomba moja la chini ambalo mtu aliyekaa anaweza kulifikia na kukinga ndoo bila kuinyanyua juu ya mabega. Kamati za watumia maji zinaweza kulipendekeza hili wakati mradi unapobuniwa.

Nyumbani, mambo mengi hayahitaji fundi. Kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni humwongoza asiyeona bila kumwamsha mtu usiku. Mianzi miwili iliyosimikwa pande zote za njia humpa mzee mahali pa kushika. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo, humwondolea mtu mateso na kumrudishia faragha yake.

Mitaro na njia za mjini

Mji uliojengwa mbugani hauwezi kuishi bila mitaro. Lakini mtaro wa wazi wenye kina cha nusu mita, kati ya barabara na mlango wa duka, ni mpaka kwa mwenye kiti na mtego kwa asiyeona. Wenye maduka huweka ubao. Ubao huo huoza, husogea, huibwa, na humfaa kijana mwenye miguu miwili mizima. Kinachofaa ni kivuko cha zege chenye upana usiopungua mita 1.2 katika kila mahali penye huduma ya umma: zahanati, shule, soko, stendi, nyumba ya ibada, ofisi ya mtendaji. Pale ambapo kivuko ni cha nondo ili maji yapite, nafasi kati ya nondo zisizidi upana wa kidole, na nondo zilale kukatiza njia, kwa kuwa gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo na ncha ya fimbo nyeupe huzama katika nafasi kubwa zinazofuata mwendo.

Barabara za wilaya, za mjini na vijijini, husimamiwa na TARURA tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Ombi la kivuko katika barabara hizo hupitia kwa mtendaji wa kata, na ni vyema litaje mahali hasa, jengo lililo jirani na aina ya watu wanaokwama hapo. “Mitaro yetu ni mibaya” ni malalamiko yasiyo na anwani. “Mtaro ulio mbele ya lango la shule, upande wa soko, hauna kivuko na wanafunzi wawili wa viti mwendo huuzunguka kupitia barabara kuu” ni ombi ambalo mhandisi anaweza kwenda kulipima.

Upande mwingine wa jambo hili hauhitaji mhandisi wala bajeti. Pikipiki zinazoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, meza za bidhaa zilizosogezwa mpaka ukingoni mwa barabara, madirisha ya chuma yanayofungukia njiani kwa kimo cha uso: vyote hivyo humsukuma mtu asiyeona atoke njiani aingie palipo na magari. Kamati ya soko na viongozi wa bodaboda wanaweza kuyamaliza kwa kikao kimoja. Hapo serikali haina la kufanya ila kukumbusha.

Usafiri wa ziwani ni mgumu zaidi. Katika vijiji vya ufukweni vilivyo chini ya milima ya Livingstone mtumbwi na boti ndiyo barabara, na abiria hupanda kwa kuingia majini. Mtu asiyeweza kutembea hubebwa mabegani. Magati madogo yatachukua muda. Lakini kubebwa kwenyewe kuna staha yake. Anayebebwa aulizwe kwanza ashikwe wapi, na kiti chake kipakiwe pamoja naye, si kwa boti ya kesho.

Asiyesikia tangazo

Ulemavu usioonekana husahaulika haraka kuliko unaoonekana. Mikutano ya hadhara hutangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari au pikipiki. Kiziwi haambiwi kitu. Nyaraka hubandikwa katika ubao wa matangazo; asiyeona haambiwi kitu. Njia zote mbili zikitumika pamoja, na ujumbe mfupi wa simu ukaongezwa, pengo hupungua sana kwa gharama ndogo.

Katika zahanati jambo ni zito zaidi. Kiziwi anayefika na mtoto wake wa miaka 12 ili amkalimanie hawezi kumweleza mganga tatizo la ndoa, la mimba au la virusi vya UKIMWI kupitia kinywa cha mtoto huyo. Ananyamaza, anapewa dawa ya homa, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Mkalimani wa lugha ya alama hawezi kuwepo katika kila kituo, lakini mhudumu mmoja kwa kila kituo anaweza kujifunza alama za msingi za afya, na anayejua kusoma anaweza kuandikiana na mgonjwa katika karatasi ambayo kisha huchanwa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho cha kwanza kuulizwa kuhusu mafunzo ya namna hiyo.

Daftari na kile kisichopaswa kubandikwa ukutani

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ilibainika kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu. Kwa kuwa wastani wa kaya nchini ni watu 4.3, uwiano huo ukiwa sawa kila mahali ungemaanisha watu watatu au wanne katika kila nyumba kumi. Mtendaji anayesema kwamba eneo lake zima lina watu wenye ulemavu watano, basi, huenda amewahesabu wale tu wanaoonekana barabarani.

Daftari la watu wenye ulemavu hutunzwa katika ngazi ya chini kabisa ya utawala. Faida yake huonekana siku ambayo hakuna anayeitamani. Maji yanapopanda usiku wa Aprili, majirani wenye nguvu hubeba watoto na magodoro. Nani anajua kwamba katika nyumba ya tatu kutoka mtoni kuna mama aliyepooza ambaye hawezi kupiga kelele? Daftari lililo sahihi, lenye kutaja ni nani wa jirani aliyekubali kwenda kumchukua, ni mpango wa uokoaji. Daftari la zamani lililofungiwa kabatini halimwokoi mtu.

Hata hivyo zipo familia zinazoficha, na si zote hufanya hivyo kwa aibu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Tanzania ilishuhudia mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyosukumwa na imani za kishirikina. Mzazi aliyeyasikia hayo ana sababu ya kuuliza nani ataliona jina la mwanawe. Jibu linapaswa kuwa wazi: orodha yenye majina na makazi haibandikwi ukutani, haisomwi mkutanoni, haipigwi picha na kutumwa katika makundi ya simu. Idadi inaweza kutangazwa, majina hayatangazwi. Mzazi akihakikishiwa hivyo, na mtoto akapata kofia pana na mafuta ya kukinga jua kupitia kituo cha afya, uandikishaji utaendelea wenyewe.

Asilimia mbili ni za nini

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wajibu huo uliingizwa katika sheria mwaka 2018. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya.

Kuhusu fedha hizo kuna mkanganyiko unaofaa kuondolewa. Asilimia 2 ni mikopo ya watu kwa ajili ya shughuli zao za kiuchumi, iwe ni ushonaji, ufugaji au biashara ya mchele. Si fungu la kujengea njia za mteremko, wala kuwepo kwake hakuondoi wajibu wa kuzijenga kutoka katika bajeti ya mradi wenyewe. Pia ni mkopo, na mkopo hurejeshwa ili mwingine aupate. Masharti kwa watu wenye ulemavu yamelegezwa ikilinganishwa na makundi mengine, hasa kuhusu idadi ya wanakikundi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayetakiwa kuyaeleza na kusaidia kujaza maombi. Anayeshindwa kufika ofisini kwake ana haki ya kufuatwa.

Wapi uamuzi hufanyika

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini miradi yake huzaliwa miezi mingi kabla, katika mikutano ya vijiji na vitongoji na kisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Pendekezo linalofika kata kabla ya Desemba lina nafasi ya kuingia katika bajeti inayofuata. Linalofika Mei hukuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana mahali pa mkutano wenyewe ni jambo la kwanza. Mkutano unaofanyika ghorofani au ng'ambo ya mtaro umewachagua wahudhuriaji wake kabla haujaanza. Uganda ililitatua hili kwa kutenga viti: sheria yake ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 inataka watu wawili wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, katika mabaraza ya kila ngazi. Tanzania imetumia njia ya kamati. Kamati hizo hufanya kazi pale zinapoketi, zinapoandika muhtasari na zinapoalikwa kukagua ramani ya jengo kabla ya mkandarasi kuanza, zikiwa na futi kamba mkononi. Mjumbe mwenye kiti mwendo akiwepo siku ya kupima msingi, hakuna atakayesahau mita zile 5.4.

Mkazi wa Mbugani aliyekuta kikwazo katika jengo la umma anaweza kulifikisha jambo lake kwa mtendaji wa kata kwa maandishi, akitaja jengo, kikwazo na tarehe, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiyeweza kuandika anaandikiwa ofisini na kusomewa kabla ya kuweka dole gumba. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hupokea masuala ya huduma na vifaa saidizi, pamoja na taarifa za mtoto aliyefichwa au kunyanyaswa. Jambo lisilopata majibu hupelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, na likikwama hapo linaweza kufikishwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huandaa malalamiko ya aina hii bila malipo.